Programu ikifeli, ituambie imefeli kwa nini

Kuna kazi niliyopata nikiwa nimesota vibaya, miezi michache baada ya karo kunitoa chuoni. Mama mmoja mwenye duka la vipuri vya pikipiki alitaka faili ya mauzo ya kila siku inakiliwe usiku kwenye diski ya pembeni. Nikamwandikia skripti fupi. Kwanza ilitumia grep kutoa mistari yote yenye neno KOSA na kuiweka kwenye ripoti, kisha ikanakili faili. Nikaijaribu na faili yenye makosa, ikaenda fiti. Nikalipwa, nikaenda zangu.

Wiki tatu baadaye kompyuta ya duka ikazima, ikakataa kuwaka. Tukafungua diski. Tulipata nakala za siku nne tu, na zote ni za siku ambazo rekodi zilikuwa na makosa. Siku safi haikunakiliwa hata moja!

Sababu yenyewe ni ndogo. Programu za terminali, zile za skrini nyeusi, zikimaliza kazi huacha nambari kati ya 0 na 255. Sifuri maana yake mambo sawa. Grep huacha 0 ikipata neno, 1 ikilikosa, na zaidi ya 1 ikikwama. Mimi nilikuwa nimeiambia skripti isimame programu yoyote ikiacha nambari isiyo 0. Kwa hivyo siku isiyo na kosa, grep ilisema "sijaona", skripti ikasikia "nimefeli", ikajifia kimya.

Kosa lilikuwa langu, sikatai. Mama na binti wa kaunta walikesha wiki nzima wakinakili risiti upya. "Kijana wangu, kwani mashine haikukuambia?" aliniuliza. Iliniambia, mama. Ila kwa lugha yake yenyewe.

Na hapo ndipo ninapotaka tuongee, hasa sisi tunaoandika programu. Ukitoka kwenye 0, kila msanidi ana maana zake. Kwa cp, 1 ni kufeli. Kwa diff, 1 ni kwamba faili mbili zinatofautiana, na hilo si kosa hata kidogo. Muda ukiisha kabla ya jibu kufika, curl huacha 28, rsync huacha 30, na amri ya timeout huacha 124. Jambo ni lilelile, nambari tatu.

Hebu fikiria matatu za Nairobi zingekuwa hivyo. Ukiona 46 unajua ni Kawangware, 111 ni Ngong, awe nani mwenye gari. Githurai 45 hata jina imelitoa kwa nambari ya basi. Sasa kila sako ingejipangia nambari zake, si ungelala stejini?

Si kwamba hakuna aliyejaribu. Unix ya BSD, iliyotoka chuo kikuu cha Berkeley kule Marekani, ina faili iitwayo sysexits.h yenye nambari 64 hadi 78. Hapo 64 ni amri iliyoandikwa vibaya, 70 ni hitilafu ya ndani ya programu, 77 ni kukosa ruhusa, na 75 ni tatizo la muda, jaribu tena baadaye. Orodha ipo tangu zama za Sendmail, lakini programu nyingi huipita kama haipo. Wenzetu wa wavuti walielewana, ndiyo maana hata shangazi yako amewahi kukutana na 404.

Najua mtaniambia grep haiguswi, kwamba skripti kibao duniani zinaitegemea ile 1 yake. Kweli, tusiiguse. Ninazungumzia programu tunazoandika kuanzia leo. Wengine watasema: soma mwongozo, bwana. Nimesoma sasa. Lakini skripti inayoita programu kumi inakudai usome miongozo kumi, na wanaoandika skripti hizi mara nyingi ni watu kama mimi, wanaolipwa kidogo na kuhesabu bando.

Hatuhitaji nambari mia. Tuchukue hizo nne na tuzifuate. Ningeambiwa nichague moja tu, ningechukua 75. Saa nane usiku, skripti inahitaji kujua jambo moja: irudie, au imwamshe mtu? Mtandao ukikatika, kurudia kuna maana. Nywila ikiwa si sahihi, unaweza kurudia hadi jogoo awike na hutaingia. Programu inayoacha 1 kwa yote mawili imekuacha gizani.

Na kama huwezi kufuata orodha ya mtu, basi andika yako mahali panapoonekana, mistari mitano tu kwenye mwongozo wa programu yako. Skripti ya yule mama niliiandika upya bila malipo. Maelezo ya nambari nimeyaweka juu kabisa, kwa Kiswahili, ili kijana atakayekuja baada yangu asimkeshe tena na risiti.