Muvi nzee ya vita imeficha nini?

Kijana, ukitazama To Hell and Back ya 1955 leo, huenda ukacheka. Audie Murphy, shujaa wa Marekani katika Vita vya Pili vya Dunia, anaigiza maisha yake mwenyewe. Askari anapigwa risasi, anaanguka, damu haba. Basi, imeisha.

Lakini Murphy halisi aliteswa na jinamizi kwa miaka mingi, akawa analala na bastola chini ya mto. Filamu ilinyamaza. Miaka 43 baadaye, Saving Private Ryan ilituonyesha mkono wa kapteni ukitetemeka, na askari akimlilia mamake ufuoni.

Kwa hivyo usicheke tu. Jiulize: hizi za leo, zenye milipuko ya kompyuta, nazo zinakuficha nini?