Mfalme wa Kushi na Waashuru

Wanafunzi wa Majengo, hapa Goma, huuliza: Waashuru wa Biblia watuhusu nini? Tuanze na maji. Mto Rutshuru huingia katika Ziwa Edouard. Kisha maji hushuka kwa Semliki hata Ziwa Albert, na mwisho huwa Nili. Hupita Nuri, katika Sudani, alikozikwa Taharka, mfalme wa Kushi.

Ndiye Tirhaka wa Kitabu cha Pili cha Wafalme, sura ya 19. Mwaka 701 kabla ya Kristo, Senakeribu wa Ashuru alipokuwa akiipiga Yuda, alisikia kwamba huyo ametoka kupigana naye. (Wakati ule hajawa mfalme bado, alianza kutawala mwaka 690.)

Esarhadoni, mwana wa Senakeribu, aliiteka Memfisi mwaka 671. Alimchukua mwana wa Taharka, na wake zake, na waganga na mafundi wengi, akawapeleka Ashuru. Sisi wa Kivu hatuhitaji kufafanuliwa maana ya kuhamishwa kwa nguvu. Katika jiwe alilochongesha, lililoko Berlin, Esarhadoni ni jitu, na mateka wawili mbele yake ni wadogo kama watoto, kamba zimefungwa midomoni mwao. Mawe ya namna hii yasomwe kwa hadhari, kwani Taharka mwenyewe hakukamatwa. Alirudi akaitwaa tena Memfisi, naye Esarhadoni akafa njiani mwaka 669, akienda kumpiga mara nyingine. Ashurbanipali, mwanawe, ndiye aliyemfukuza Taharka kutoka Memfisi.