Bustani ya nyumbani: Kitunguu saumu karibu na mlango



Wengi wetu upande wa Beni tuna mashamba tusiyoyafikia tena. Tangu mauaji yaanze Oktoba 2014, mama anayeenda kuchimba mihogo asubuhi hajui kama atarudi jioni. Familia nyingi zimeacha mihogo na kakao kwenye pori, zinaishi mjini kwenye parsele ya kupanga. Ndiyo maana tunarudi kila mara kwenye kipande kidogo cha udongo kilicho karibu na mlango. Wiki hii tunaweka hapo kitunguu saumu. Hakitaki nafasi kubwa, na kikikauka vizuri kinakaa miezi bila kuoza.

Tuanze na mbegu, maana hapo ndipo pesa inapotea. Vile vichwa vikubwa vyeupe vinavyotoka China ni vizuri kwenye sufuria, lakini bustanini vinadanganya. Vimezoea baridi kali na siku zinazorefuka. Kwetu hapa karibu na ikweta mchana ni saa 12 hivi mwaka mzima. Majani yanatoka mazuri, mama anafurahi, halafu aking'oa anakuta chini hakuna kitu. Afadhali kile kidogo kilichopandwa kwenye milima ya Lubero. Muulize muuzaji kimetoka wapi, na kama hajui, nenda kwa mwingine.

Panda mwisho wa Agosti au Septemba, mvua ikirudi, ili uvune Januari au Februari wakati mvua imepungua. Anayepanda Machi atavuna Julai. Kitunguu saumu kinachokomaa ndani ya mvua kubwa kinaoza.

Inua tuta, maji yasisimame. Changanya mbolea ya mbuzi au ya sungura iliyooza kabisa. Ile mbichi inaunguza. Usipande pale ulipotoa vitunguu au poro, kwa sababu magonjwa yao ni yale yale. Gawanya kichwa siku ile ile ya kupanda, chagua punje kubwa, usizimenye. Ncha iangalie juu, kina cha vidole viwili, sentimita 10 kati ya punje na punje, 15 kati ya mistari. Tuta la mita 1 kwa mita 3 linachukua punje karibu 180, yaani vichwa kama 20. Asiye na tuta apande kwenye gunia au beseni lililotoboka.

Palilia kwa mkono. Ukiona vidoa vya rangi ya kutu kwenye majani, ondoa majani hayo, uyatupe mbali na bustani. Nusu ya majani ikikauka, ng'oa, ufunge mafungu na kuyatundika kwenye baraza, kivulini, wiki mbili au tatu. Vile vikubwa kabisa usivile wala usiviuze: ndivyo mbegu yako. Tunajua ni vigumu, kwa sababu ndivyo mteja anavyovitaka kwanza.

Jambo moja la pembeni. Kitunguu saumu kinatia ladha kwenye sombe na maharage, lakini hakiponyi malaria. Mtoto mwenye homa apelekwe kituo cha afya siku hiyo hiyo.

Sasa, ukweli kwa wenzetu wa Beni. Butembo iko juu ya mita 1,700 na baridi ya usiku inasaidia. Beni iko chini zaidi, kuna joto. Huko mara nyingi utapata vichwa vidogo, au punje moja ya mviringo isiyogawanyika. Hiyo inalika, na ukiipanda tena inaweza kukupa kichwa. Sisi tungesema: Beni pandeni kidogo tu, mkate majani mabichi kwa mboga, na nafasi kubwa muiachie lengalenga. Na vikundi vya Butembo vitakavyovuna Februari, wekeni fungu moja la mbegu kwa ajili ya Beni. Ni kilomita 54 tu, na Agosti litakuwa bado zima.