Mti Gani?

"Mti, chuma, manyoya." Ndivyo kilivyoandikwa kikaratasi chini ya mishale ya Kisukuma katika chumba kimoja cha maonyesho hapa kwetu Mwanza. Nikauliza: mti gani? Nikajibiwa kwamba mti ni mti tu. Hebu kamwambie fundi wa mitumbwi kule mwaloni kwamba mbao ni mbao tu, uone atakavyokutazama.

Aliyetengeneza ule mshale alichagua. Alitaka kitu chepesi, kigumu, kisichopinda kikikauka. Uchaguzi huo ndio elimu yenyewe, na sisi tumeufuta kwa neno moja. Wapo wanaotazama rangi na kutamka kwa kujiamini, "Huu ni mkole." Baada ya moshi, mafuta na jasho la miaka mingi, rangi haisemi kitu.

Hadubini husema. Chukua mshale uliokwisha kuvunjika, toa kibanzi kidogo kuliko punje ya mchele, kichemshe kilainike, kisha kikate kwa wembe hadi upate ngozi nyembamba inayopitisha mwanga. Utaona matundu ya mishipa iliyopandisha maji, moja moja au yameshikana kama mnyororo; utaona na mistari inayotoka kwenye kiini kwenda nje, minene au myembamba. Linganisha na vibanzi vya miti unayoijua. Mara nyingi utapata ukoo wa mti, si aina yenyewe, na anayekuahidi zaidi mtilie shaka. Kuna jambo hata lenzi ya mkononi inalionyesha: kiini kikiwa katikati ya uti, fundi alitumia fito nzima, kikikosekana, alichonga kutoka kwenye mti mkubwa.

Kwa nini nahangaika? Kwa sababu Usukuma huu mweupe, mawe na mashamba ya pamba, ulikuwa na vichaka. Kuanzia miaka ya 1920 serikali ya kikoloni iliwasukuma watu kufyeka vichaka Shinyanga ili kumfukuza mbung'o, na pamba, ng'ombe na kuni vikamalizia. Mwaka 1986 ukaanzishwa mradi wa HASHI kurudisha miti, na ngitili za wazee zikapewa heshima yake upya. Vizuri. Lakini kurudisha miti ipi? Uti wa mshale wa zamani ni kipande cha kichaka ambacho hakipo tena, kilichokatwa na mtu aliyekijua.

"Waulize wazee." Nawauliza, na waulizwe kila siku. Ila mzee wa leo, hata yule aliyebeba upinde akiwa sungusungu miaka ya 1980, huenda hakuchonga mshale wa babu yake. Wengine wanasema kukata urithi ni kuuharibu. Wakati huohuo wadudu wanautafuna ule ule urithi stoo, na hakuna anayewazuia.

Msiniambie pia kwamba hadubini ni ya malaria na kichocho tu. Baadhi ya zahanati za kandokando ya ziwa wanayo, na shule kadhaa zinayo ikiwa imefungiwa kabatini. Siombi mashine mpya. Naomba ile mishale iliyovunjika, inayongoja kutupwa, pamoja na mwalimu mmoja wa biolojia mwenye wembe mpya na Jumamosi moja isiyo na kazi.