Udogo wa Jeraha Usituhadae
Enyi dada zetu wa Kakamega! Aliyefanyiwa upasuaji wa matundu madogo kuzuia kiungulia sugu hurejea nyumbani na majeraha madogo. Lakini ndani, sehemu ya juu ya mfuko wa tumbo imezungushwa kwenye umio na kushonwa. Uvimbe huibana njia ya chakula kwa wiki kadhaa. Basi tusimhimize ugali kwa kuku, ijapokuwa ndiyo heshima yetu. Aanze na vinywaji, kisha uji laini, kidogo kidogo, bila soda. Tusimwachie ndoo ya maji wala mzigo wa kuni. Kusujudu kukimdhuru, aswali ameketi. Akishindwa kumeza hata maji, au akishikwa na homa, tumrejeshe hospitali upesi. Kumuuguza kwa subira ni ibada.