Kijana amesema kweli, na mjomba hakusema uongo



Juma hili tunaweka kando maswali ya mirathi na ada za shule, tupate kujibu barua ya mama mmoja. Mwanawe ana umri wa miaka 14. Kwa miezi kadhaa amekuwa akiunda treni ndogo kwa maboksi, mabomba ya plastiki na nyaya za umeme zilizotupwa. Alipokamilisha kichwa cha treni ya dizeli, alikiunganishia nyuma behewa la tangi, akasema kuwa hilo ni behewa la akiba, la kukilisha kichwa mafuta kikiwa safarini. Kaka wa mama huyo, mstaafu wa kazi za reli, aliliona akacheka mbele ya wageni. Alisema kuwa dizeli hubeba mafuta yake tumboni, na behewa la kufuatana na kichwa ni la treni za mvuke. Kijana hakujibu neno. Usiku ule alilivunja behewa lile, na tangu hapo hajagusa kazi yake.

Mama anatuuliza mambo mawili: ni nani aliyekosea, na je, amhimize mtoto arudie mchezo huo au amwelekeze kwenye jambo lenye faida zaidi?

Tuanze na mjomba. Aliyoyasema ni kweli kwa yale aliyoyaona. Katika reli za Afrika Mashariki, vichwa vya mvuke vya daraja la 29 vilifuatana na behewa lao la maji na mafuta. Vilipokuja vya dizeli, tangi liliwekwa chini ya kichwa, katikati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma. Mtu aliyefanya kazi yake yote katika reli hizo hakuwa na sababu ya kuona dizeli ikifuatana na behewa la mafuta.

Lakini kijana naye amesema kweli. Nchini Marekani mabehewa hayo yalikuwapo, na mengine yapo hadi leo. Chukua mfano wa kichwa kiitwacho SD40-2, kilichoanza kuundwa mwaka 1972. Kina magurudumu jozi sita na nguvu ya farasi 3,000. Tangi lake lililo chini hubeba mafuta yasiyozidi sana lita 15,000, kwa kuwa nafasi ni ndogo na uzito unaoruhusiwa juu ya reli una mpaka wake. Katika miaka ya 1980, shirika la Burlington Northern, ambalo treni zake zilikwenda masafa marefu mno, lilichukua mabehewa ya tangi, likayabadilisha na kuyaweka kati ya vichwa viwili. Mipira ya mafuta ilitoka kila upande kwenda kwenye kichwa kilichokuwa jirani. Faida yake ilikuwa mara mbili: treni ilipita vituo vya kujazia mafuta bila kusimama, na shirika liliweza kununua mafuta mengi mahali yalipokuwa rahisi.

Kabla ya hapo, katika miaka ya 1950 na 1960, shirika la Union Pacific lilitumia vichwa vikubwa vilivyoendeshwa kwa tabo ya gesi, vikichoma mafuta mazito yaliyohitaji kupashwa moto ndipo yatiririke. Mafuta hayo yalibebwa katika mabehewa yaliyokuwa ya vichwa vya mvuke vilivyostaafu. Basi hata yale mabehewa ya mvuke anayoyakumbuka mjomba, wenzao huko Marekani walipata kazi ya pili.

Na katika zama zetu, reli ya Florida East Coast, inayokwenda kati ya Jacksonville na Miami, hutumia vichwa vinavyochanganya dizeli na gesi asilia. Gesi hiyo hupoozwa hadi nyuzi 162 hivi chini ya sifuri ili iwe kimiminika, kisha hubebwa katika behewa lenye tangi la kuta mbili, mithili ya chupa ya chai. Behewa hilo nalo hukaa kati ya vichwa viwili. Lita moja ya gesi hiyo ina nguvu pungufu kuliko lita ya dizeli, na tangi la kuihifadhi ni kubwa; ndiyo sababu haiwezi kutosha tumboni mwa kichwa.

Hivyo, mama yetu, mwanao hakubuni uongo. Hata hivyo, kuna mahali ambapo kazi yake ilihitaji kusahihishwa, na tunamwandikia yeye mwenyewe mistari ifuatayo.

Mwanetu, ukitaka kuunda behewa la Burlington Northern, usiliweke nyuma ya kichwa kimoja. Liweke kati ya viwili, vikiwa vimegeuziana migongo au vyote vikitazama mbele, kama picha utakayoifuata inavyoonyesha. Kisha chagua kipimo kimoja usikiache. Waundaji wengi hutumia kipimo cha 1 kwa 87, ambacho reli zake zina upana wa milimita 16.5. Kila urefu wa kitu halisi ugawanye kwa 87. Kichwa cha SD40-2 kina urefu wa karibu mita 21. Kwako kitakuwa milimita 241.

Kwa tangi, bomba la plastiki lenye kipenyo cha milimita 32 linafaa sana. Likizidishwa kwa 87 linakuwa tangi la mita 2.78. Kata kipande cha milimita 144, nacho kitasimama badala ya mita 12.5. Sasa fanya hesabu ya ujazo wa mcheduara uliyofundishwa darasani: utapata karibu lita 76,000. Linganisha na zile lita 15,000 za tumboni, utaelewa kwa nini watu walijitaabisha kulivuta behewa hilo. Hesabu hiyo ndiyo jibu ulilokosa siku ile mbele ya wageni.

Ncha za tangi zisiwe bapa, kwani tangi halisi hubinuka kwa nje. Zijaze kwa gundi nzito ya kuchanganya, ziache zikauke, kisha zipige msasa mpaka zilainike. Mipira ya mafuta itengeneze kwa waya mwembamba wenye ganda jeusi, na iwepo pande zote mbili; behewa lisilo na mipira hiyo ni tangi la kawaida tu la kubebea mizigo. Ongeza na nyaya za kuunganisha vichwa, kwa sababu dereva wa kichwa cha mbele hukiongoza na cha nyuma, na amri yake hupitia katika behewa hilo. Ndani ya tangi, upande wa chini, tia nati za chuma au mchanga uliofungwa vizuri. Behewa jepesi likibanwa kati ya vichwa viwili vizito huruka nje ya reli kwenye kona. Rangi na gundi vitumike penye upepo, mbali na jiko na wadogo zako.

Na hapa tunafika kwenye jibu la swali la pili. Mama yetu, huu ni mchezo, lakini ndani yake mna adabu kubwa. Muundaji mwaminifu habandiki kitu kwa kuwa kinapendeza. Hujiuliza: je, kilikuwapo? Wapi? Mwaka gani? Nimekijuaje? Picha ya behewa moja la mwaka mmoja humfunga asichanganye na la shirika jingine. Sisi ni umma uliohifadhi habari za Mtume wetu (S.A.W.) kwa kuuliza nani kapokea kutoka kwa nani. Mtoto anayezoea kutafuta ushahidi wa bomba la plastiki hatapokea kwa urahisi kila habari inayorushwa katika simu.

Suratul Hujurat inatuamrisha, katika aya ya 6, tuhakikishe habari kabla ya kuijengea hukumu. Na katika aya ya 11 inatukataza kudharauliana kwa kicheko. Amri hizo mbili zimo katika sura moja, nasi wazee tunazihitaji zote mbili tunapokaa na watoto. Kuishi kwingi ni kuona mengi, lakini si yote. Laiti mjomba angeuliza, "Mwanangu, umelipata wapi hili?" wote wawili wangejifunza, na behewa lingekuwa bado liko mezani.

Kijana naye ana fungu lake. Kunyamaza mbele ya mkubwa ni adabu, lakini kuvunja kazi ya mikono yako kwa hasira si adabu wala si subira. Alikuwa na haki ya kusema kwa upole, "Mjomba, ninaomba nikuonyeshe nilikolisoma." Wala asiende sasa kwa mjomba akiwa amebeba picha kama shahidi anayeingia mahakamani. Aende na kichwa cha treni kilichobaki, amwombe amfundishe jinsi mabehewa yanavyofungwa pamoja na jinsi bomba la breki linavyopita chini yake. Hayo mjomba anayajua kwa mikono yake, na hakuna picha itakayomfundisha kijana vizuri zaidi. Wakishakaa chini wote wawili, habari za Marekani zitajitokeza zenyewe.

Kwa mama, ushauri wetu ni huu: mpe meza ndogo na muda maalumu, kwa mfano baina ya Alasiri na Magharibi, ili swala na masomo visiguswe. Usimnunulie treni ya gharama kutoka ng'ambo. Bomba, waya na msasa vinatosha, na israfu haina nafasi hapo. Na kaka yako mwite nyumbani siku ya Ijumaa baada ya swala, bila kumtajia barua hii. Mwekee chai, kisha muache mwanao alete bomba na msumeno.

Wabillahi tawfiq.