Nani Alisema Kazimoto Aigwe?

Wapenzi wa vitabu tukikutana, haichukui muda mazungumzo yanafika kwa Kezilahabi, na hapo ndipo ubishi unapoanza. Mmoja atasema Kichwamaji ni riwaya mbaya kwa sababu Kazimoto si mtu wa kuigwa. Mwingine atasema Nagona ameiacha ukurasa wa kumi, haieleweki, mwandishi alikuwa anajionyesha usomi tu. Wa tatu atafunga hoja: bora Shaaban Robert, mashujaa wake wana maadili na ujumbe wake unaonekana. Watu wanatikisa vichwa kukubali, chai inaisha, tunaagana.

Mimi sikubaliani na hata mmoja wa hao watatu. Na kinachoniudhi zaidi ni kwamba wote wanasema jambo moja, ila kwa maneno tofauti.

Tuanze na Kazimoto. Jamani, nani alisema aigwe? Kichwamaji ilitoka mwaka 1974. Kijana msomi wa chuo kikuu anarudi kwao, dada yake Rukia ameharibiwa na Manase, na yeye anapanga kulipiza kisasi kwa Sabina, dada yake Manase. Baadaye anamuoa huyo huyo Sabina. Mwishowe anajiua. Na anayetusimulia ni Kazimoto mwenyewe, kwa hiyo muda wote tumo ndani ya kichwa chake, tunasikia anavyojitetea, anavyowadharau wenzake, anavyoshindwa kuipenda kesho yake. Ukimaliza hujisikii vizuri. Sasa wewe unataka baada ya hayo yote akupe nasaha? Ni sawa na kwenda kwa fundi cherehani ukadai mkate, kisha ukasema fundi hafai.

Tabia hii najua tumeitoa wapi, maana hata mimi nilikuwa nayo. Shuleni tulisoma vitabu ili tujibu: mhusika mkuu ni nani, anawakilisha nini, dhamira ni zipi, ujumbe ni upi. Kulikuwa na vijitabu vya uchambuzi vilivyokupa majibu yote, huhitaji hata kufungua riwaya yenyewe. Mimi nilifaulu swali la Kusadikika bila kuimaliza Kusadikika. Niliandika kwamba Karama ni shujaa anayewakilisha wapigania haki, nikapata alama zangu, basi. Miaka ikapita nikijihesabu kuwa nimeisoma.

Nilipokuja kuisoma kweli, ukubwani, nilimkuta Karama mwingine kabisa. Ameshtakiwa kwa kuanzisha elimu ya sheria, yuko mbele ya mfalme, na mshtaki wake ni waziri anayeitwa Majivuno. Karama hatoi mahubiri. Anawasimulia habari za wajumbe sita ambao nchi hiyo hiyo iliwatuma huku na huko watafute mambo ya kuifaa, na waliporudi wakaishia kuadhibiwa. Yaani utetezi wake ni kuwakumbusha mahakimu wake matendo yao wenyewe, kisa baada ya kisa, mpaka wanakosa pa kutokea. Huyo ni mwanasheria mjanja, tena jasiri. Kitabu chenyewe kilitoka mwaka 1951, Tanganyika ikiwa chini ya Waingereza. Ukimpunguza Karama akawa "mtu mwenye maadili", umemtupa. Kwa hiyo wanaomtetea Shaaban Robert kwa hoja ya mfano mwema wanamdhulumu yeye mwenyewe kabla hawajamfikia Kezilahabi.

Watasema mashujaa wetu wa zamani walikuwa wa kuigwa. Wapi? Mchukueni Fumo Liyongo, shujaa kuliko wote katika tenzi zetu. Anatoroka gerezani kwa tupa iliyofichwa ndani ya mkate. Lakini anakufa kwa sababu alimwambia mwanawe siri ya sindano ya shaba kitovuni, na mtoto akamuua kwa tamaa ya ahadi za mfalme. Anafia kisimani, amepiga goti, upinde mkononi, na watu wa mji wanakaa siku kadhaa na kiu kwa kuogopa kusogea, wakidhani yu hai. Nani wa kuigwa hapo? Baba aliyeropoka? Mtoto? Mji? Kisa hicho kimedumu kwa sababu hakijibiki kirahisi.

Na huo ugumu mnaoulalamikia, ulianza na Nagona? Al-Inkishafi ya Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir imeandikwa kwa Kiamu, na wengi wetu hatuwezi kuvuka beti tatu bila maelezo ya pembeni. Sijasikia mtu akisema Sayyid Abdalla alikuwa anajionyesha. Tunainamisha kichwa, tunauliza wanaojua, tunarudia. Heshima tunayompa marehemu wa zamani tunamnyima mwandishi wa mwaka 1990.

Nitakuwa mkweli. Nagona niliiacha mara mbili. Mara ya tatu niliacha kuiuliza kila ukurasa "maana yake nini", nikafuata tu anakokwenda msimulizi. Ni riwaya fupi, hata kurasa mia haifiki. Kuna sehemu mpaka leo sizielewi, na sioni aibu. Iliyoifuata, mwaka 1991, aliiita Mzingile. Mtu amekuandikia mlangoni kwamba humu njia zinazunguka, halafu unamlaumu kwa kuwa umepotea!

Wapo pia wa upande wa pili, nao siwaachi: wanaoisifu Nagona kwa kuwa ni ngumu, na ukiwauliza ni tukio gani lililowakaa wanaanza kuzungumzia udhanaishi. Hao nao hawajasoma. Kitabu hakiwi kizuri kwa kuwa kimekushinda. Ukisema kilikuchosha ukurasa wa arobaini kwa sababu hii na hii, nakuheshimu zaidi ya anayekisifu kwa kuogopa kuonekana mjinga.

Mtaniuliza, kwani kuna ubaya gani, si ni maoni tu? Ubaya upo. Rosa Mistika ya mwaka 1971 iliwahi kupigwa marufuku mashuleni, kwa sababu mwenendo wa Rosa ulionekana utawapotosha wasichana. Hoja ilikuwa hiyo hiyo: si mfano mwema. Zakaria, baba aliyempiga binti yake kwa sababu ya barua ya mvulana, hakumshtua mtu. Wasichana ambao kitabu kile kiliandikwa kwa uchungu wao ndio waliozuiwa kukisoma. Na leo hakuna haja ya marufuku. Kijana anayeandika riwaya yake ya kwanza anatusikia tunavyouliza "funzo liko wapi?", naye analibandika ukurasa wa mwisho, anaiua riwaya kwa mkono wake mwenyewe.

Kwa hiyo nina ombi. Tukikutana tena, tusiulizane shujaa ni nani. Niambie ni ukurasa gani ulikuudhi, wapi ulitaka kukitupa kitabu, na ni nani humo ndani uliyemchukia halafu ukagundua mnafanana. Mimi nitaanza: ni Kazimoto.